Nani Alikitengeneza Kigari cha Kabati la Shule?

Mhariri ameniomba nieleze kwa maandishi habari ya kile kigari cha kuchezea kilicholeta maneno mengi katika mkutano wetu uliopita. Nimekubali kwa sababu mbili. Kwanza, imesemwa huku na huko kwamba mimi ndiye niliyeikosesha maktaba paa jipya, na mtu akisemwa hana budi kujieleza. Pili, kazi tuliyoifanya juu ya kigari hicho ni kazi ya historia hasa, na naona itawafaa vijana wanaosoma somo hilo wakidhani kwamba historia ni kukariri miaka tu.

Wale wa miaka yetu watalikumbuka kabati la vioo lililokuwa karibu na ofisi ya Mkuu wa Shule. Ndani yake mlikuwa na vikombe vya michezo, kengele ya zamani, picha za timu za mpira, na kigari kidogo cha kijani chenye magurudumu mekundu, mfano wa ule mtambo wa kushindilia barabara ambao wengi tunauita rola. Urefu wake ni kama sentimita 11. Kina paa, na mbele kina gurudumu pana lililoshikwa na uma. Tulipokuwa Kidato cha Kwanza tulikuwa tukibandika pua kwenye kioo kukitazama, na mkubwa yeyote akitukuta pale alituuliza kama tumekosa kazi.

Shule ilipoamua kukipanga upya chumba cha kumbukumbu, kamati yetu iliombwa kusaidia kuandika maelezo ya kila kitu. Mguuni mwa kigari kulikuwa na kipande cha karatasi kilichofungwa kwa uzi, kimeandikwa kwa wino neno moja: Dinky. Ndugu mmoja wa darasa letu, ambaye ana marafiki ng'ambo, akapeleka habari kwa mtu anayekusanya vitu vya kuchezea vya zamani. Mtu yule akajibu haraka. Alikuwa tayari kukinunua, na dau alilolitaja lilitosha kununua sehemu kubwa ya mabati ya maktaba. Nanyi mnajua hali ya maktaba ile. Mvua ikinyesha vitabu huhamishwa kutoka kona moja hadi nyingine kama abiria wanaotafuta gari.

Kamati ilifurahi. Ikabaki kazi ndogo tu, kuandika barua ya kuthibitisha kwamba kigari ni Dinky halisi. Barua hiyo nikapewa mimi niiandike, kwa kuwa kazi yangu serikalini ni ya majalada na kumbukumbu.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Katika kazi yetu, barua isiyo na saini haitupwi, lakini pia haifanyiwi uamuzi mpaka ijulikane imetoka wapi. Nilikigeuza kigari juu chini, nikakitazama tumboni, mgongoni, chini ya paa na ubavuni. Hakikuwa na jina, namba, wala nchi. Neno Dinky lilikuwa kwenye karatasi peke yake, na karatasi ile iliandikwa na mtu wa hapa shuleni. Ilikuwa ushahidi wa kile alichokidhani mwandishi wake. Juu ya kigari chenyewe ilikuwa haijatuambia kitu.

Dinky Toys ni jina la vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa na kampuni ya Meccano ya Liverpool, Uingereza, iliyoanzishwa na Frank Hornby. Jina hilo lilianza kutumika mwaka 1934, na kiwanda chao cha Binns Road kilifungwa mwaka 1979. Kwa miaka mingi vigari vyao vilipendwa sana, hata watu wengi wakawa wanaita kigari chochote cha chuma Dinky, kama sisi tunavyoita katapila mtambo wowote wenye minyororo, ingawa Caterpillar ni jina la kampuni moja tu. Dinky walikuwa na kawaida ya kuandika jina lao tumboni mwa kigari, kwa herufi zilizosubiwa pamoja na chuma chenyewe. Ni kweli kwamba mwaka 1948 walitoa rola ya kijani yenye magurudumu mekundu. Nadhani ndiyo iliyomdanganya ndugu yetu aliyeandika ile karatasi. Lakini rola yao ina jina, na yetu haina.

Niliwaeleza wenzangu. Mmoja akasema, "Bwana, jina limefutika." Swali lake lilikuwa la haki, nami nikaona lijibiwe kwa vipimo kuliko kwa mabishano. Tukaomba ruhusa kwa Mkuu wa Shule, tukakipeleka kigari maabara pamoja na vijana wanne wa Kidato cha Tatu na mwalimu wao wa fizikia.

Kwanza tulitumia sumaku. Haikushika mwili wala magurudumu. Ilishika ekseli mbili tu, yaani vile vyuma vyembamba vinavyopita katikati ya magurudumu. Kwa hiyo mwili haukuwa wa chuma cha pua wala wa bati. Ungeweza kuwa wa risasi, kwa maana vitu vingi vya kuchezea vya zamani vilisubiwa kwa risasi. Au wa alumini. Au wa aloi ya zinki.

Pili tulipima densiti. Vijana walikipima kwenye mizani, wakapata gramu 190. Kisha wakakizamisha katika kopo lenye mdomo wa kumwagia maji, wakakitikisa polepole ili mapovu ya hewa yatoke, na kuyapima maji yaliyomwagika kwa silinda. Walirudia mara tatu, wakapata wastani wa sentimita 29 za ujazo. Gawanya 190 kwa 29, unapata kama 6.6. Densiti ya alumini ni 2.7, na ya risasi ni 11.3. Aloi ya zinki inayotumika kusubu vitu vidogo, yenye zinki kwa wingi na alumini kama asilimia 4, ina densiti ya 6.6 au 6.7. Vijana walipoona hesabu yao imeangukia pale pale, walipiga makofi. Tulikikausha kwa kitambaa, na mwalimu akawaagiza wote wanawe mikono kwa sababu rangi za zamani mara nyingi zilikuwa na risasi, na risasi ni sumu.

Tatu tulitumia lenzi. Tumboni mwa kigari tuliona mstari mwembamba mahali ambapo pande mbili za kalibu zilikutana, na alama ndogo za mviringo zilizoachwa na vijiti vinavyokisukuma kitu kitoke kwenye kalibu. Namna hiyo ya kusubu, ambapo aloi iliyoyeyuka husukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma cha pua, ina gharama kubwa mwanzoni. Hakuna fundi anayechonga kalibu ya chuma ili atoe kigari kimoja. Basi kigari chetu kilitoka kiwandani, na kilikuwa na ndugu zake kwa maelfu. Aidha, kama jina lingekuwapo na kukwanguliwa, tungeona mikwaruzo ya tupa. Tumbo lilikuwa laini, na mstari wa kalibu ulikuwa haujaguswa. Jina halikufutika. Halikuwapo tangu mwanzo.

Sasa basi, ni kiwanda gani kilichotoa rola nzuri namna hii bila kujitaja? Baada ya Vita Kuu ya Pili vilikuwapo viwanda vidogo vingi London vilivyosubu vitu vya kuchezea, kama Charbens na Benbros, na vingi havikujali kuweka jina kila mahali. Lakini nilipolinganisha kigari chetu na picha za rola zilizopatikana zikiwa bado na masanduku yake, picha moja ilinifanya niketi vizuri. Umbo la paa, mkao wa dereva na namna uma unavyoshika gurudumu la mbele vilikuwa vilevile. Picha hiyo ilikuwa ya rola ya kampuni ya Lesney.

Hadithi ya Lesney itawapendeza hasa wasomaji wa gazeti hili, kwa kuwa ni hadithi ya watu waliosoma pamoja. Leslie Smith na Rodney Smith hawakuwa na udugu wowote ingawa walishiriki jina la ukoo. Walifahamiana shuleni, na wote wawili wakatumika katika jeshi la wanamaji la Uingereza wakati wa vita. Mwezi Januari 1947 walianzisha kampuni yao, wakachukua mwanzo wa jina la Leslie na mwisho wa jina la Rodney, wakapata Lesney. Karakana yao ya kwanza ilikuwa jengo la baa iliyokwisha kufungwa, kaskazini mwa London, ikiitwa The Rifleman. Akajiunga nao fundi hodari wa kusubu, Jack Odell.

Hawakukusudia kutengeneza vitu vya watoto. Walisubu vipuri kwa ajili ya viwanda vingine. Lakini ulipokaribia mwisho wa mwaka, wateja wao walipunguza kuagiza vipuri ili wasikutwe na akiba kubwa wakati wa kuhesabiwa kodi, na mashine za Lesney zikakaa bure. Ndipo walipogeukia vitu vya kuchezea, na mwaka 1948 wakatoa kigari chao cha kwanza. Kilikuwa mfano wa rola ya dizeli ya Aveling-Barford, kampuni ya mji wa Grantham iliyokuwa na sifa kubwa katika mitambo ya kushindilia barabara. Kilifanana sana na kile cha Dinky, hata rangi zake, na kiliuzwa kwa bei nafuu zaidi. Tena, na hili ndilo la maana kwetu, vitu vingi vya Lesney vya miaka ile ya mwanzo havina jina la kiwanda.

Wadogo zetu labda hawalijui jina la Lesney, lakini jina la Matchbox wanalijua. Inasimuliwa kwamba shule aliyosoma binti wa Odell iliruhusu watoto kuja na kitu cha kuchezea endapo tu kinaingia ndani ya kisanduku cha kiberiti. Baba yake akamtengenezea rola ndogo mno ya shaba ya njano, akaitia ndani ya kisanduku. Wanafunzi wenzake wote wakataka kama ile. Mwaka 1953 Lesney walianza kuuza mfululizo wa vigari vidogo katika masanduku ya mfano wa kiberiti, na namba moja katika mfululizo huo ilikuwa rola, ya kijani, yenye magurudumu mekundu. Ni ile ya 1948 iliyopunguzwa. Wakati ule Rodney alikuwa amekwisha kuondoka, tangu mwaka 1951, baada ya kukata tamaa na biashara ile. Lesney ikaja kuwa miongoni mwa kampuni kubwa za vitu vya kuchezea duniani, mpaka ilipofilisika mwezi Juni 1982 na jina la Matchbox likanunuliwa na wengine.

Nilipata kuishika mkononi rola ya namba moja, mali ya ndugu mmoja wa chama chetu, nikaiweka mezani kando ya ile ya shule. Zilifanana kama mtoto na baba.

Nikarudi kwenye kamati na taarifa yangu. Nilisema kwamba kigari si Dinky, na kwamba inaelekea sana kuwa ni cha Lesney cha miaka ya mwanzo. Basi kukawa na kelele. Baadhi walisema mnunuzi mwenyewe ameridhika kuwa ni Dinky, kwa nini tumwamshe aliyelala? Wengine wakapata tamaa mpya: kama ndicho kigari cha kwanza cha kampuni maarufu, basi niandike Lesney kwa uhakika na tudai zaidi. Makundi yote mawili yalitaka jambo moja, niweke saini yangu mahali ambapo kigari chenyewe hakikuweka yake.

Niliwaeleza kwa nini siwezi kusema kwa uhakika. Viwanda vidogo vya wakati ule viliigana bila aibu. Sanduku, ambalo ni kama cheti cha kuzaliwa cha kigari, limepotea. Na hata sanduku huweza kuwachanganya watu, kwa maana masanduku ya mwanzo ya Matchbox yalikuwa na jina la Moko, ambalo ni jina la wakala aliyeviuza. Nilikuwa na sababu nzuri, hoja tano zinazoelekea upande mmoja, lakini sikuwa na uthibitisho.

Tena kulikuwa na jambo la ekseli, ambalo nililiacha mpaka mwisho. Ekseli ya nyuma ilikuwa ya kiwandani, imepondwa pande zote mbili ili isichomoke. Ya mbele ilikuwa tofauti. Upande mmoja wake ulikuwa umekunjwa, na upande wa pili, chini ya lenzi, ulikuwa na hesi. Kijana mmoja wa Kidato cha Tatu, ambaye baba yake ni fundi baiskeli, aliitambua kabla ya sisi wakubwa. "Shikamoo mzee," akaniambia kwa adabu, "hiyo ni spoki." Naam, ilikuwa spoki ya baiskeli, imekatwa kwa kipimo, ikakunjwa kwa ustadi hata gurudumu likazunguka vizuri mpaka leo. Tena kwenye uma, mahali rangi ilipokuwa imebanduka, pamepakwa kijani kingine, kizito kidogo. Ni kijani kile kile kilichomo katika tabaka la chini la fremu za madirisha ya mabweni yetu.

Kwa wakusanyaji, mambo haya mawili ni hasara. Kwetu yana maana nyingine. Mtu fulani, hapa hapa shuleni, alikikuta kigari kimevunjika. Hakukitupa. Alitafuta spoki, akatafuta koleo, akaomba rangi kidogo kwa mpaka rangi wa shule, akakirudisha barabarani. Huyo pia ni mtengenezaji wa kigari hiki, naye pia hakuandika jina.

Kamati ilipiga kura, na kwa tofauti ya kura mbili iliamuliwa mnunuzi aandikiwe yote kama yalivyo, pamoja na spoki. Niliandika barua hiyo kwa mkono wangu. Alijibu kwa heshima, akashukuru, akaondoa dau lake. Ndugu yetu aliyemleta hakusema nami kwa muda wa miezi mitatu, wala simlaumu, kwa sababu alikuwa akiwatetea watoto wanaonyeshewa. Tulipatana siku ya mazishi ya mwalimu wetu, tukiwa tumesimama foleni moja. Mwezi uliofuata yeye ndiye aliyeanzisha orodha ya michango ya paa. Orodha hiyo iko kwa Mweka Hazina, na nafasi bado zipo. Nawaomba msiipite.

Kuna wanaoniuliza kama sijuti. Ninapowaona vijana wakihamisha vitabu wakati wa mvua, moyo huniuma, siwezi kukana. Lakini nakumbuka pia wale wanne waliokuwa maabara, waliopima mara tatu kwa uangalifu wakaandika jibu walilolipata. Kama sisi wakubwa tungechukua jibu lao na kulifunika ili tuuze, wangejifunza nini kwetu? Paa huweza kununuliwa mwaka ujao. Kijana aliyefundishwa kwamba ukweli huandikwa kwa kadiri ya bei, sijui hurekebishwa kwa fundi gani.

Kigari sasa kimo katika chumba cha kumbukumbu. Karatasi ya zamani yenye neno Dinky tumeihifadhi kando yake, maana nayo ni sehemu ya historia. Kadi mpya inasema hivi: "Rola ya kuchezea, aloi ya zinki. Haina jina la mtengenezaji. Kwa umbo na namna ya kusubiwa, inaelekea kuwa kazi ya Lesney, London, miaka ya mwanzo baada ya 1948. Ekseli ya mbele ni spoki ya baiskeli, iliyotiwa katika shule hii." Baada ya maneno "katika shule hii" tumeacha nafasi.

Ndugu wasomaji, hasa ninyi mliotutangulia, nafasi hiyo ni yenu. Kama unakumbuka ni nani aliyetia spoki ile, awe mwanafunzi, fundi seremala, mtunza stoo au mpishi, tafadhali mwandikie Mhariri. Jina la aliyekisubu kigari huenda tusilipate kamwe kwa uhakika. La aliyekitengeneza kikaweza kwenda tena, pengine liko kichwani mwa mmoja wenu anayesoma ukurasa huu.